Okoa Jahazi na Kausha Damu: Uhakiki wa Lugha ya Mikopo ya Simu na Kazi ya Mtaalamu wa Kiswahili Zama za Mashine

Ikisiri

Makala haya yanahakiki majina ya huduma za mikopo ya simu nchini Kenya na Tanzania kama matini ya Kiswahili inayostahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayotumiwa kusoma ushairi. Yanadai kwamba, wakati huu ambapo mashine inafasiri na kupendekeza istilahi kwa kasi isiyofikiwa na kamati yoyote, taaluma ya Kiswahili haitapata uhalali wake kwa kurefusha orodha za maneno. Itaupata kwa kuhakiki maneno ambayo tayari yanaamua hali ya wasemaji wake. Hoja inajengwa hasa juu ya majina mawili: Okoa Jahazi, lililotoka kwa kampuni, na kausha damu, lililotoka mitaani.

Utangulizi

Mjadala wa wataalamu wa Kiswahili kuhusu teknolojia una tabia moja inayojirudia: huanza na swali la maisha na kuishia kwenye swali la istilahi. Kompyuta zilipoenea, ilibishaniwa iwapo ziitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Simu za mkononi zilipofuata, ikazuka rununu. Leo mwenye akili mnemba hukabiliana na mwenye akili unde, na wa tatu hushikilia akili bandia. Saa nzima ya kikao huweza kumalizika kabla hajapatikana wa kuuliza hiyo akili, kwa jina lolote itakaloitwa, itamfanya nini mwalimu wa Kiswahili wa Mbarara au mfasiri wa Bujumbura anayelipwa kwa idadi ya maneno.

Swali hilo si la pembeni. Kizazi kizima cha wataalamu kilisomeshwa kuamini kwamba thamani yake imo katika kusanifisha, kufasiri na kuunda istilahi. Sasa kinaziona kazi hizo zikifanywa, kwa ubora unaopanda na kushuka, na programu isiyochoka. Wapo wanaojibu kwa kebehi, wakikusanya makosa ya mashine kama ushahidi kwamba binadamu hatapitwa. Jibu hilo ni dhaifu, kwani linaiweka heshima ya taaluma rehani kwa makosa ambayo huenda yakarekebishwa mwaka ujao. Wapo pia wanaokata tamaa mapema na kuwashauri wanafunzi wao watafute fani nyingine. Pande zote mbili zinakubaliana, bila kujua, juu ya jambo moja: kwamba kazi ya mtaalamu wa lugha ni kuzalisha maneno. Dhana hiyo ndiyo inayotiliwa shaka hapa.

Matini inayosomwa kuliko zote

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na kampuni ya Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Mengi yameandikwa kuhusu uchumi wa huduma hizo. Yaliyoandikwa kuhusu Kiswahili chake ni machache, ingawa ni vigumu kuitaja matini nyingine ya lugha hii inayosomwa na watu wengi zaidi, mara nyingi zaidi kwa siku, na kwa umakini mkubwa zaidi. Msomaji wa riwaya huweza kuruka ukurasa. Mtu aliyetumiwa ada ya mtoto haruki hata tarakimu moja.

Msamiati wa matini hiyo una historia ndefu kuliko simu yenyewe. Wakala ni neno la biashara ya pwani, la mtu anayesimama mahali pa mwingine kwa amana. Leo ni kijana au mama aliyeketi kwenye kibanda chenye rangi za kampuni. Muamala ni neno lililobeba uzito wa fikihi, likihusu jinsi watu wanavyotendeana katika mali na katika mengineyo. Leo humwarifu mteja kwamba shughuli yake imekamilika au imeshindikana. Salio ni kile kilichosalia. Tozo lilikuwa neno la kiofisi kwa wengi hadi Julai 2021, Tanzania ilipoanza kutoza miamala ya simu. Baada ya hapo lilipatikana katika kila kijiwe, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake.

Ukiyaweka maneno haya kando ya tarakilishi, tofauti inaonekana. Tarakilishi limeundwa kwa ustadi, lina mantiki ya ndani, na huishi zaidi katika vitabu vya shule nchini Kenya kuliko katika duka linalouza kifaa chenyewe. Hata juhudi iliyostahili sifa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ilionyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana zote na bado mtumiaji akabaki na programu ya Kiingereza aliyoizoea. Huduma za fedha zilifuata njia nyingine: zilichukua maneno yaliyokuwa na watu tayari na kuyapa kazi mpya. Kwa mtazamo wa sera ya lugha, huo ni ushindi wa Kiswahili, na mara nyingi umesherehekewa hivyo. Sherehe hizo zimechelewesha uhakiki.

Jahazi, shwari na kufuliza

Majina ya huduma za mikopo ndiyo yanayodai kusomwa kwanza. Nchini Kenya, mteja aliyeishiwa na muda wa maongezi huweza kukopeshwa kupitia Okoa Jahazi, kwa ada ya asilimia 10. Novemba 2012 ilizinduliwa M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lake lisipotosha. Nchini Tanzania zipo Nipige Tafu na Songesha. Mbali na Nipige Tafu, lenye lugha ya vijana, haya si maneno ya mitaani yaliyookotwa ovyo. Aliyeyachagua alikuwa na sikio.

Okoa jahazi ni nahau inayoeleweka bara na pwani: kumnusuru mtu au jambo lililo karibu kuangamia. Shwari ni utulivu wa bahari baada ya upepo kukatika. Majina yote mawili yanaegemea hazina kongwe ya ushairi wa Kiswahili, ambamo chombo baharini ni mtu, ni nyumba, ni mji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliutumia mfano wa chombo katika kuzungumzia hatima ya mji wake. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, aliipa diwani yake ya mwaka 1994 jina la Kimbunga. Kwa washairi hao bahari haikuwa pambo. Walijua chombo kinavyozama.

Ni ujuzi huo hasa unaoifichua nahau inapohamishiwa kwenye mkopo. Jahazi lililopatwa na dhoruba huokolewa kwa kupunguzwa uzito: mabaharia hutosa shehena, na hasara hiyo ni bei ya uhai wa waliomo. Katika Okoa Jahazi, chombo kinachozama huongezwa mzigo. Aliyekosa shilingi anapewa shilingi pamoja na deni la shilingi hizo na ada juu yake, na muda mfupi baadaye huwa mzito kuliko alivyokuwa dhoruba ilipoanza. Nahau imebaki na hisia ya kunusurika, lakini utaratibu wa kunusuru umepinduliwa chini juu. Mtu anaweza kusema kwamba deni dogo la muda wa maongezi halimzamishi mtu, na kwa muamala mmoja atakuwa na haki. Jina, hata hivyo, halikutungwa kwa muamala mmoja.

Shwari nayo ina matatizo yake. Mkopo wa siku 30 wa M-Shwari ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Tarakimu hiyo ni ndogo machoni, na mkopaji wa mara moja hana sababu ya kulalamika. Lakini anayekopa kiasi kilekile kila mwezi kwa mwaka mzima huwa amelipa ada inayofikia asilimia 90 ya kiasi hicho. Bahari inaweza kuonekana tulivu kwa sababu pepo zimekoma, au kwa sababu aliyeko ndani ya chombo hana chombo cha kupimia mkondo unaomvuta. Jina la huduma linataja hali ya juu ya maji tu.

Fuliza ndilo jina lenye ukweli zaidi kati ya haya, na pengine ndiyo maana halijazungumzwa sana. Kufuliza ni kutenda jambo bila kukoma. Kampuni ilikusudia kusema kwamba malipo hayatakatika. Msemaji mwenye makini husikia pia kwamba kukopa hakutakatika. Neno halikudanganya. Lilisema yote mawili kwa pamoja na kumwachia mteja achague la kusikia.

Nani anamwambia nani

Sarufi ya majina haya inastahili aya yake. Karibu yote ni vitenzi katika hali ya kuamuru: okoa, fuliza, songesha. Kiswahili kinaruhusu amri ya umoja isimame bila kumtaja anayeamriwa wala anayeamuru, na hapo ndipo ujanja wa jina unapokaa. Mteja anapobonyeza Okoa Jahazi, ni nani anayemwamuru nani? Yamkini mteja anaiambia kampuni: okoa jahazi langu. Yamkini kampuni inamwambia mteja: liokoe jahazi lako, njia ni hii. Katika tafsiri ya kwanza kampuni ni mwokozi. Katika ya pili mteja ni nahodha jasiri anayejikomboa. Hakuna tafsiri ambamo mmoja ni mdai na mwingine mdaiwa.

Nipige Tafu linaondoa utata huo kwa kiambishi kimoja. Ni- ya mtendwa inaweka sauti kinywani mwa mteja, naye anaomba kama anavyomwomba rafiki kijiweni. Baina ya marafiki, kupigana tafu ni jambo la zamu: leo wewe, kesho mimi. Kampuni haitafika siku ikaishiwa na kuja kupigwa tafu na mteja wake. Lugha ya zamu imetumika mahali ambapo zamu haipo.

Pakiwa na uhitaji wa kumtaja mkopeshaji, sarufi inabadilika. Mteja ni mtenda kamili pale anapopokea, anapotuma na anapolipa: u-mepokea, u-metuma. Kinapofika kipengele cha ada, mtenda hutoweka na nafasi yake kushikwa na kauli ya kutendwa au na nomino. Makato hukatwa, aliyekata hatajwi. Mhakiki wa fasihi aliyefunzwa kuuliza ukimya wa msimulizi una maana gani hahitaji nadharia mpya ili auone ukimya huu.

Jina lililotoka upande wa pili

Uhakiki ungeweza kuishia hapo na kuwa malalamiko ya msomi kwa niaba ya watu asiowauliza. Lakini watu wameshahakiki, na kwa uwezo mkubwa. Nchini Tanzania, mikopo ya riba kali inayotolewa mitaani, inayowaelemea hasa wanawake wenye biashara ndogo na kudaiwa kwa marejesho ya siku au ya wiki, imepewa jina la kausha damu. Jina hilo halikupitishwa na chombo chochote. Limeingia magazetini na katika kauli za viongozi, na mikopo ya mitandaoni ilipokuja na vitisho vyake ikaunganishwa humo.

Muundo wa jina hili ni wa kushangaza. Okoa jahazi: kitenzi katika umbo la kuamuru, kisha nomino ya mtendwa. Kausha damu: kitenzi katika umbo lilelile, kisha nomino ya mtendwa. Ukalibu ni mmoja, ule uliotupa vunja jungu na maneno mengine ya aina hiyo. Haidaiwi hapa kwamba waliotunga kausha damu waliisikia Okoa Jahazi wakaijibu. Huduma hizo ni za nchi mbili tofauti, na mikopo ya kampuni za simu iliyo chini ya sheria haifanani na ile ya mitaani. Kinachodaiwa ni kwamba kalibu moja ya lugha imejazwa na pande mbili za uhusiano wa deni, na kila upande umeweka ndani yake kile unachokiona. Upande wa mkopeshaji umeona dhoruba ambayo haikusababishwa na mtu. Upande wa mkopaji umeona mwili, na mtu anayeufanyia jambo.

Zingatia pia kitenzi chenyewe. Kukausha si kumwaga. Damu inayomwagika huonekana, huita watu, huwa kesi. Damu inayokaushwa huisha ndani, polepole, mwenye mwili akiwa bado anatembea na kwenda sokoni. Katika kitenzi hicho kimoja mna maelezo ya marejesho ya kila siku yaliyo sahihi kuliko aya nyingi za ripoti. Ni uhakiki wa kiuchumi uliofanywa kwa silabi tano.

Vyombo vya dola navyo vilichukua hatua. Nchini Kenya, kanuni za watoa mikopo ya kidijiti zilitolewa mwaka 2022, baada ya malalamiko mengi, yakiwemo ya wakopeshaji kuwapigia simu watu ambao namba zao zimo katika simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Hatua hizo ni za leseni, riba na faragha, na ni za lazima. Lugha imo humo kwa njia ya jumla tu: masharti yaelezwe kwa uwazi. Uwazi huo hupimwaje, na nani? Mwanasheria ataangalia kama kifungu kipo. Mhasibu ataangalia kama tarakimu ni sahihi. Kama msomaji wa kawaida wa Kiswahili ataelewa nani anamdai nani, kiasi gani, na nini kitatokea akichelewa, hilo halina mwenyewe.

Kazi iliyopo

Hapo ndipo swali la mwalimu wa Mbarara linaporudi. Uganda, ambako baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, inawahitaji walimu wa lugha hii wakati uleule ambapo mwanafunzi anaweza kuitafsiri insha yake kwa simu kabla ya kengele. Kumwambia mwanafunzi huyo kwamba anajifunza Kiswahili ili afasiri ni kumpa sababu ambayo simu yake inaikanusha papo hapo. Kumwambia kwamba ni lugha ya umoja wa kikanda ni kweli, lakini umoja ni jambo la hotuba. Yeye atakutana na lugha hii mpakani, kwenye soko, na kwenye skrini inayompa mkopo. Majina ya mikopo nchini mwake, kama MoKash, bado hayajavaa Kiswahili. Yakivaa, patahitajika watu waliokwisha kuona Kenya na Tanzania zilivyopitia.

Mashine inaweza kusaidia sana katika kazi hii, na hakuna faida ya kuiogopa. Inaweza kukusanya maelfu ya jumbe, kuhesabu viambishi, kuonyesha ni mara ngapi mtenda ametajwa na mara ngapi ameachwa. Inaweza hata kupendekeza masharti yaliyo rahisi zaidi kusoma. Lakini programu hiyohiyo itamtungia mkopeshaji jina tamu la huduma yake kwa utiifu uleule. Haina deni, haina jirani aliyepigiwa simu ya aibu, na haiulizi imetumwa na nani. Uamuzi wa kwamba nahau fulani imepinduliwa, na kwamba kupinduliwa huko kuna mtu anayekulipia, ni uamuzi wa mtu anayeijua bahari ya lugha hiyo na anayewajibika kwa wanaoisema.

Taaluma ya Kiswahili ina watu hao. Idara inayoweza kumpa mwanafunzi beti za karne ya 19 na kumtaka aeleze nani anazungumza, anamwambia nani na anaficha nini, inaweza kumpa masharti ya mkopo wa siku 30 na maswali yaleyale. BAKITA nchini Tanzania ina uzoefu wa kutoa ithibati za lugha, na ipo pia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Uzoefu huo ungeweza kuelekezwa kwenye mikataba ya fedha badala ya kubaki kwenye istilahi na vitabu. Kinachotakiwa si kamati ya kuyasafisha majina. Jina kama Okoa Jahazi halina kosa la sarufi, na mamlaka ya lugha ikipewa rungu la kupiga marufuku nahau itaanza na za kampuni na kumalizia na za washairi. Kinachotakiwa ni chepesi zaidi kueleza na kigumu zaidi kutenda: kabla masharti ya mkopo hayajaidhinishwa, wasome watu watano wa rika na elimu tofauti, mbele ya mtaalamu wa lugha, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake atalipa nini, lini, na kwa nani. Majibu yao yaandikwe na kuambatishwa kwenye maombi ya leseni.

Benki kuu za nchi za Jumuiya tayari zinapokea maombi hayo. Idara za Kiswahili tayari zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Kati ya ofisi hizo mbili umbali ni barua moja, na katika miji mingi ni mwendo wa miguu.